Daraja la Ishirini la Morio

Sugie Hasebe alikuwa na hakika kwamba gari lake lilikuwa limesimama. Alimwambia hivyo polisi palepale kwenye maegesho ya duka la dawa, theluji ya maji ikimlowesha nywele. Alimwambia hivyo Iwatsuki, fundi wa mapaa aliyerudi nyuma na gari lake la kazi hadi likaibonyeza bampa ya Sugie. Na jioni akamwambia hivyo Mizuguchi, wakala wake wa bima, kwenye simu.

"Nimekuelewa, mama," Mizuguchi alisema. "Ila yule bwana anadai na wewe ulikuwa unasogea. Kampuni yake ya bima inasema yeye abebe asilimia themanini ya kosa, wewe ishirini. Si ukubali tu yaishe?"

"Nikubali kosa lisilo langu?"

"Basi ujue jambo moja. Ukishikilia kwamba huna kosa hata chembe, kampuni yetu haina cha kulipa, na sheria hainiruhusu kukusemea. Utabishana nao mwenyewe."

"Na nikikubali?"

"Bima ikilipa sehemu yako, unashuka madaraja matatu ya bima, kutoka ishirini hadi kumi na saba. Na kwa miaka mitatu ada yako itakuwa juu."

Ishirini ndilo daraja la juu kabisa, la madereva wasio na ajali, na si Sugie aliyelipata. Mumewe Morio, dereva wa posta, ndiye aliyelipanda ngazi kwa ngazi, miaka nenda miaka rudi bila kudai fidia. Alipofariki, daraja lilimhamia mjane wake pamoja na gari. Nguo za marehemu Sugie alizigawa bila taabu. Daraja hili aliona haya hata kufikiria kulipoteza.

"Nitabishana mwenyewe," akasema.

Tangu siku hiyo alipigiwa simu mara kwa mara. Mtu wa kampuni ya bima ya Iwatsuki alikuwa na sauti laini, adabu tele, na kila mara alimaliza kwa swali ambalo Sugie hakulitarajia. Uliangalia wapi? Mguu ulikuwa kwenye breki? Una hakika, mama? Sugie aliandika majibu nyuma ya kalenda, akayasoma kwa sauti peke yake jikoni, na bado alipoulizwa aliyachanganya. Mwanawe wa Osaka alikuwa ameshaanza kusema habari za kurudisha leseni kwa sababu ya umri, na Sugie alimficha ajali yote. Leseni ikienda, nani atampeleka Fusae hospitali?

Fusae, dada yake mkubwa, alikuwa mgonjwa wa figo aliyesafishwa damu hospitali mara tatu kwa wiki, na siku ya ajali alikuwa amekaa pembeni ya Sugie. Wiki ya tatu yule mwenye sauti laini alisema, "Basi dada yako aandike alichokiona."

Sugie alimpelekea karatasi na kalamu, akamwandalia chai. Fusae aliandika jina lake, akasita, akaweka kalamu chini.

"Chai yako leo kama maji ya kuoshea vikombe," alisema.

"Dada, andika."

"Niandike nini?"

"Kwamba tulikuwa tumesimama!"

Fusae alitazama dirishani. "Ulinigeukia, ukasema, 'Funga skafu, utapata mafua.' Ukanifunga mwenyewe. Mguu wako ukalegea kwenye breki. Tulisogea, Sugie. Kidogo, lakini tulisogea."

Sugie aliisukuma karatasi pembeni. "Wiki tatu! Wiki tatu nadanganya watu, na wewe umenyamaza?"

"Ungeacha kuendesha. Nakujua. Halafu mimi ningekwenda hospitali na nini, na toroli?"

"Nimelichafua daraja la Morio," Sugie alisema, na machozi yakamtoka.

Fusae akacheka hadi akakohoa. "Morio? Morio huyuhuyu aliyegonga geti langu mara mbili? Alilitengeneza kwa pesa taslimu bila kuiambia bima, akaniapisha nisikwambie. Na ukuta wa kliniki ya meno je, unadhani uliinama wenyewe?"

Sugie alimkodolea macho. Hakujua acheke au amrushie dada yake kikombe. Miaka yote ile alikuwa akimsifia mumewe mbele ya watu.

Alimpigia Mizuguchi kabla moyo haujarudi nyuma. "Nilisogea," alisema. "Sikujua, lakini nilisogea. Waambie."

Mizuguchi alijibu mara moja. "Ahsante kwa kusema, mama. Sasa naweza kukusemea. Ishirini kwa themanini itabaki, nadhani. Ukitaka, lipa sehemu yako mfukoni, daraja lisiguswe. Wengi hufanya hivyo."

"Najua wengi hufanya hivyo," Sugie alisema kwa ukali uliomshangaza mwenyewe. "Lipeni nyinyi. Bima nimeikata kwa ajili gani?"

Kisha alimpigia mwanawe na kumweleza yote, pamoja na yale ya geti. Mwanawe hakusema habari za leseni siku ile. Aliuliza tu kama bampa imeshatengenezwa.

Barua ya bima ilifika mwezi wa tano: daraja la kumi na saba, ada ya juu kuliko alivyoogopa. Sugie aliisoma mara mbili, akaipiga muhuri wake wa jina badala ya saini, akatafuta funguo. Fusae alikuwa ameshavaa viatu, analalamika mlangoni kwamba watachelewa hospitali.