Mkono wa Bazashima

Joselyne, fundi cherehani wa Nyakabanda, alipima mikono ya kulia, akaja kwenye ya kushoto, kisha akainama apime ule uliokuwa chini kabisa ya kwapa. Mteja wake, Jolly, alisimama katikati ya kibanda amejinyoosha kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Kitenge cha bluu kilikuwa juu ya meza, bado kimekunjwa.

"Huu mpya ni wa nani?" Joselyne aliuliza, pini ziko mdomoni.

"Wa Bazashima."

"Yule anayejikokota?"

"Huyo huyo."

"Basi tantine, shangazi yangu, kola usahau. Kitambaa chote kinaishia kwenye mikono."

Jolly akasema kola si kitu, shingo yake haina baridi.

Mikono ilimjia mmoja mmoja, pamoja na mbwa. Alikuwa amekulia Mbarara, akarudi Kigali na wazazi wake, akafanya kazi ya ofisi hadi kustaafu, akajenga Kinyinya wakati Kinyinya bado ni mashamba ya mihogo. Siku alipomwokota mbwa wa kwanza, kipofu, kwenye mtaro wa barabara, kwapa lilimwasha, na kulipokucha mkono ulikuwa pale, umekunja ngumi kama wa mtoto mchanga. Kufikia chakula cha mchana ulikuwa umeshakua na unajua kazi: uligonga ardhi taratibu mbele ya yule kipofu mpaka akaifikia sahani yake. Alipokuja kiziwi, ukatoka mkono uliojua kumwita kwa ishara. Alipokuja mwenye kifafa, ukatoka mkono wa kumshikia kichwa asijigonge.

Muuguzi wa kituo cha afya alimfunga kipimo cha presha kwenye kila mmoja. Yote ilikuwa mizima, isipokuwa ile miwili aliyozaliwa nayo.

"Hii imechoka, mama," alisema. "Ipumzishe." Akampa vidonge vya vitamini.

Kupumzisha ni neno jepesi kama unyoya, na kama unyoya ni gumu kulishika. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, majirani walimpa Jolly jembe moja kwa kila mkono, na mfereji wa upande wake ukawa wa kwanza kuisha. Wakampigia makofi. Mbwa mwingine akichokwa mahali fulani, watu waliambiana: mpelekeeni Jolly, mikono anayo.

Bazashima aliletwa na Norman, jirani wa ukuta kwa ukuta, mkandarasi aliyekuwa akijenga nyumba za ghorofa pale mtaani. Kila jengo lilikuwa na mbwa wake wa kulinda saruji, na jengo likiisha mbwa naye kazi yake iliisha. Huyu alikuwa ameangukiwa na miti ya jukwaa la mafundi, miguu ya nyuma ikafa. Norman alimleta kwenye toroli, amemtandikia gunia safi.

"Mama Jolly, mimi nina mikono miwili tu," alisema kwa adabu. "Wewe unayo mingi."

Wazee wa zamani, wakiwa na neno kwa jirani, walimwita mbwa kwa neno hilo, jirani asikie kila anapoitwa. Jolly naye akampa mgonjwa wake jina la Bazashima, yaani "watakuja kushukuru", na akawa analiita kwa sauti kubwa kandokando ya ukuta. Norman alilisikia. Akasema ni jina zuri sana.

Bazashima hakuweza kukojoa mwenyewe. Ilibidi abonyezwe chini ya tumbo asubuhi, mchana na jioni, mahali padogo kama sarafu, na mkono wake ulipajua. Ukikosea pale, mbwa anakufa kwa sumu ya mkojo wake. Mkono haukukosea hata siku moja.

Lakini ile miwili ya kuzaliwa ilizidi kulegea. Ikafika mahali haikuweza kuinua kijiko. Mtu angedhani mikono mingine ingemsaidia. Ilijaribu. Ilichota maharage vizuri, ikayapeleka chini, kwenye kidevu cha mbwa. Kila mkono ulijua mdomo wa mbwa wake, na hakuna uliojua njia ya kwenda kwenye mdomo wa Jolly. Akawa anakunywa uji kwa mrija. Akakonda. Usingizini mikono ilimpapasa mmoja baada ya mwingine, ikitafuta mbwa.

Alijua dawa yake: mbwa wapate makwao. Ila alikuwa ameshaona kwamba mbwa haendi bila mkono wake, na mkono ukimfuata huota kwa mwenyeji mpya. Familia moja ya Kibagabaga ilimchukua kiziwi, ikaomba mkono ubaki, maana mashati ya mikono mitatu hayauzwi dukani. Jolly alikubali kwa uchovu. Mkono ukabaki ukiita hewani, na huko kiziwi akagoma kula. Wakamrudisha amekuwa mbavu tupu, wakasema mbwa mwenyewe ni mzuri, ila ana kiburi.

Tangu hapo aliweka desturi. Anayetaka mbwa aje kuposa, kama watu wanavyokuja kwenye gusaba: wageni upande mmoja, wenyeji upande wa pili, kreti ya fanta katikati, na msemaji wa kila upande. Mbwa asibebwe kama jerikani. Wengi walisema desturi ni nzuri, wakaishia kuisifu.

Kisha Joselyne akamleta mama yake, Xavérine, bibi aliyezeekea Bujumbura na bado aliishi kwa kusuka vikapu. Walikuja kumposa Bazashima. Norman aliposikia kuna fanta, akajitolea kuwa msemaji wa wenyeji.

"Bibi," alianza, "binti yetu huyu amekwisha chumbiwa na watu wenye gari."

"Gari litamfaa, miguu hana," Xavérine alisema. Watu wakacheka.

"Na wewe, kwa umri huo, mkono wa tatu wa nini? Hiyo miwili si ni ya kushikia bakora?"

"Mwanangu, umewahi kusuka kikapu?"

"Hapana."

"Mkono mmoja unashika ukindu, mmoja unashika sindano. Nani anashika kikapu? Nakishika kwa meno tangu ujana, ndiyo maana unaniona sina meno. Mkono huo nimeusubiri kuliko nilivyomsubiri mume. Na mashati atashona huyu," akamwonyesha Joselyne kwa kidevu.

Joselyne akasema mikono ya mama yake haitalipiwa, ila kola asitegemee.

Xavérine alikuwa anamtazama Jolly. Chupa ya Jolly ilikuwa imebanwa kati ya magoti, na Jolly ameinamia mrija.

"Sakwe sakwe!" bibi akatega kitendawili.

"Soma!" wakaitikia wote, hata Norman.

"Nyumba yangu ina nguzo kuliko nyumba zote za mtaa, na mwenyewe analowa mvua."

Norman akasema ni jengo la mkandarasi mwenzake, anamjua. Mwingine akasema ni mwavuli uliotoboka. Wakashindwa, wakampa bibi mji. Alitaka Bujumbura, wakampa.

"Ni huyu hapa," Xavérine alisema. "Mikono yote hiyo, na hakuna wa kumpelekea kijiko."

Walicheka sana, kitendawili kilikuwa kizuri. Norman alicheka mpaka akajifuta macho.

Ikaja sasa kazi ya kuagana. Jolly alikuwa amesema siku nyingi kwamba siku hiyo atamshukuru Mungu na kulala. Lakini walipompakia Bazashima kwenye kikapu kikubwa cha bibi, mkono wake ulishika pindo la gauni la Jolly, haukutaka kuachia. Jolly naye hakuusukuma. Aliketi, akauweka mapajani, akausemesha kama anayesemesha mtoto anayepelekwa kwa shangazi.

"Nenda. Mimi sijakufukuza. Yeye anakuhitaji saa moja asubuhi, na mimi saa hiyo nitakuwa mbali."

Mkono ukafikiri. Ukapanda juu, ukapapasa begani, shingoni, ukafika kwenye shavu, ukatulia hapo. Haukuwahi kufika huko. Kisha ukaachia.

Asubuhi ubavu wa Jolly ulikuwa laini, na Joselyne alipiga simu kusema mkono umefika salama, mbwa amekojoa vizuri, na mama ameshaanza kikapu kipya.

Mchana Jolly alipakua ndizi na maharage, akaketi kwenye ngazi ya nyuma. Mikono ya mbwa waliobaki ilikuwa kazini, mmoja ukigonga ardhi, mwingine ukiita kwa ishara. Mkono wake wa kulia, ule wa kuzaliwa, ulijaribu, ukainua kijiko. Maharage mengine yalimwagika njiani. Yaliyofika yalifika.

Kijiko cha pili kilikuwa hewani Norman alipoita getini.

"Mama Jolly! Nimeona jana mkono mmoja umeondoka, nikasema Mungu si Athumani, sasa nafasi imepatikana. Lile jengo la juu tumemaliza. Nimekuletea huyu. Taya lake halifungi, ni wa kulishwa polepole, mpole sana."

Jolly alitafuna, akameza.

"Ninakula, Norman."

"Hakuna shida, mama. Nasubiri."

Norman alisubiri kidogo, akaitazama saa yake, akafunga kamba kwenye nondo ya geti, akaaga kwa heshima. Gari lake likashuka mlima. Mbwa aliketi, ulimi nje, akitazama kupitia upenyo.

Chini ya kwapa la Jolly pakaanza kuwasha. Hakujikuna. Aliendelea kula, kijiko baada ya kijiko, bila haraka, akahakikisha kila kimoja kimefika. Sahani ilipobaki na mchuzi tu, akaupitishia kidole, akakilamba. Ndipo akainuka kwenda kufungua geti.