Pumzi ya Maalim Mabruki

Daktari alikuwa mgeni, Kiswahili chake kikiishia kwenye "jambo", kwa hiyo Waridi ndiye aliyemfasiria baba yake. Na Waridi alidanganya. Tusimung'unye maneno. Alidanganya akiwa ameketi ubavuni pake, amemshika mkono.

Daktari alisema moshi wa tanuri za chokaa, alizofanyia kazi mzee ujanani kule pwani, uliyaharibu mapafu ya Maalim Mabruki, na Nairobi iko juu mno, hewa yake haba kwa mapafu kama hayo. Kadiri anavyoishi na hewa haba, ndivyo mishipa ya mapafu inavyozidi kubana na moyo unavyoelemewa. "Mrudishe Mombasa. Mapema."

"Anasema upumzike, Baba," Waridi akafasiri. "Na unywe dawa."

Alikuwa na sababu, nani hana? Mumewe alifariki mwaka 1969 akamwachia watoto wawili wadogo, naye alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja Hurlingham. Maalim ndiye aliyekaa na watoto. Akiondoka, kazi nayo imekwenda. Mwezi huu tu, alijiambia, nitafute yaya. Mwezi ukazaa mwaka. Midomo ya mzee iligeuka rangi ya zambarau, miguu ikavimba, na ngazi za nyumba yao ya Ngara akazipanda kwa vituo. Kila alipomsikia akihema, Waridi alitamani ardhi immeze. Kisha kukicha humwachia watoto, akaenda zake kazini.

Alasiri Maalim, wajukuu wakiwa naye, alisomesha Qurani katika chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa. Alhamisi moja Waridi alitoka kazini mapema, akampitia. Alimkuta amesimama mbele ya wanafunzi wake, ameegemea ukuta.

"Wanangu, nawaomba radhi," alikuwa akisema, akivuta pumzi kila baada ya maneno mawili matatu. "Mwaka huu nimewasomesha vibaya. Naikata aya pasipo kituo. Pumzi hainifikishi. Iko dhambi nimeitenda, wala siijui, na Mungu amenipunguzia pumzi. Nisameheni. Mtafutiwe mwalimu mwingine."

Wanafunzi waliduwaa. Waridi aliona haya hadi masikio yakamwaka moto. Hakungoja hata watoke.

"Baba, huna dhambi. Mwenye dhambi ni mimi." Akamweleza yote aliyoyasema daktari, na yale aliyoyaficha, na kwa nini.

Mzee aliketi taratibu juu ya jamvi. Waridi alingoja laana. Alikuwa tayari kuipokea. Kwa kweli aliitaka.

"Kumbe ni mapafu," Maalim akasema, na uso wake wote ukakunjuka. "Mmesikia, wanangu? Mungu hakunikasirikia. Ni mapafu tu!" Akacheka mpaka akakohoa, akaushika mkono wa bintiye. "Ahsante, mwanangu. Umenitua mzigo."

"Kesho jioni kuna gari moshi la Mombasa, Baba. Nitakupeleka."

"Na kazi yako je? Watoto utamwachia nani?"

Angempiga kofi, ingekuwa nafuu.