Kanda Zilizofutwa kwa Kitambaa

Jumanne saa nne asubuhi Everline alilowesha kitambaa, akakikamua, akaanza kufuta kanda za kumbukumbu kama alivyoagizwa. Chama cha nyumba cha mtaa wao kilikuwa na diski mpya ya kuhifadhi nakala za karibuni za daftari la wenye nyumba. Za miaka ya nyuma zilikaa kwenye kanda kabatini. Bwana Githinji, meneja, alikuwa ameacha karatasi: "Futa kanda zote kabla ya Ijumaa." Everline alikuwa mfagizi kabla ya kukabidhiwa ufunguo wa kabati, na kwake kufuta ni kufuta. Alizifuta mpaka zikang'aa.

Ijumaa hiyohiyo yeye na mama yake walitakiwa kuhama nyumba B47. Diski ilisema ni ya shemeji yake Githinji tangu hapo. Marehemu baba, Wandera, fundi wa reli, aliishi humo miaka thelathini, na diski haikumjua hata kwa jina.

Kanda ya mwaka 2009 ilipokauka ilijiingiza kwenye mashine ya kusomea kanda, ikaanza kuzunguka. Mlango wa stoo ukafunguka, akatoka marehemu mzee Kinyanjui wa A1 na kikombe chake cha chai. Akasalimia, akaketi kwenye benchi. Akafuata marehemu wa A2.

Moyo wa Everline ulianza kudunda kwa furaha. Diski huruka moja kwa moja hadi unachokitaka. Kanda husomwa toka mwanzo, nyumba baada ya nyumba, hata ufe kwa hamu. Akampigia mama yake simu.

"Mama, njoo. Tumefika A19."

Mama alikuja mbio, unga wa chapati ungali mikononi. Majirani nao wakajaa dirishani, wakihesabu kwa sauti kama watu wanaosubiri penalti. Nyumba ambazo wenyewe wangali hai zilipita kimya. B45. B46. Everline alikuwa anaruka papo hapo bila kujijua.

Wandera alitoka na ovaroli yake ya reli.

"Baba Eve," mama akasema, "umekula?"

"Bado."

Fundi wa kompyuta, Austine, alikuja kuona foleni ni ya nini. "Eve, kufuta ni kutoa vitu vyote ndani," alisema. "Si kupangusa."

"Si mngeandika hivyo," Everline akamjibu.

Githinji aliwataka wageni wote waandike majina kwenye kitabu cha wageni. Kisha akaisoma kanda kwa makini: B47, Wandera. Alikiri kwamba haina kosa.

"Kanda inasema kweli, mzee," alimwambia Wandera. "Lakini mfumo unasoma diski."

Ijumaa walihamia chumba kimoja kwenye mabanda ya Mukuru kwa Njenga. Wandera alikibeba kitanda peke yake, akipiga mbinja, na Everline, aliyekuwa na baba tena, alicheka njia nzima hata akajionea haya.

Kabla hawajaondoka, shemeji yake Githinji alikuwa ameshindwa kufungua mlango wa B47. Wandera alitua kitanda, akamwonyesha.

"Unauinua kidogo kwanza, ndio unazungusha ufunguo."

Shemeji akajaribu, ukagoma. Wandera akamwonyesha tena.