Alama ya Nusu Mwezi kwenye Valvu

Lori la kijiji cha Kansay halikuzimika. Injini ilinguruma vizuri tu, ila mshale wa geji ya upepo ulipanda kidogo, ukatetemeka, ukaganda chini ya alama nyekundu. Lori la breki za upepo likikosa upepo halina breki. Nikaweka mawe kwenye magurudumu yote.

Tulikuwa ukingoni mwa nyanda za juu za Ngorongoro. Nyuma nilibeba mapipa ya maji tuliyoyajaza kwenye chemchemi asubuhi ile. Mbele yetu barabara iliteremka kwa makorongo hadi Olbalbal, ambako ukame wa mwaka ule uliacha tope lililopasuka. Ng'ombe wakubwa walishahamishwa kwenda kutafuta malisho. Ndama walibaki bomani kwa sababu hawakuweza tena kutembea, na mwenye ndama hao, Lomayani, alikuwa amekaa kando yangu kwenye kiti cha utingo.

"Ero, kijana, mbona umesimama?"

"Hakuna upepo."

Akatoa mkono dirishani. "Upepo upo. Unapeperusha shuka langu."

"Huo si wa kwangu."

"Basi washa wa kwako twende. Nimewaacha wamelala wamenyoosha shingo. Kesho jioni hutakuta wa kumnywesha."

Mimi, Inosenti, Mmbulu wa Kansay, ndiye niliyekabidhiwa lori lile, na ufundi niliupata kwa kufungua vitu mwenyewe huko Karatu. Sikuwa mtu wa kushindwa na pampu. Maana kompresa si kitu kingine: ni pampu ndogo ubavuni mwa injini, inayosukuma hewa kwenye tangi la breki. Nilipaka povu la sabuni kwenye mabomba yote, halikutoa hata kiputo kimoja. Nikafungua bomba la kutolea hewa, nikaziba tundu kwa kidole huku Lomayani akizungusha injini kwa hendeli. Hewa ilisukuma kidole changu, kisha ikakinyonya. Ikasukuma, ikanyonya.

"Unacheka nini?" akauliza.

"Inavuta kile ilichotoa. Valvu haifungi."

Valvu ilikaa chini ya pete nene ya chuma yenye nafasi mbili za kuingiza meno ya spana. Spana yenyewe sikuwa nayo, wala Arusha nzima usingeipata. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa na maduka ya vipuri yalibaki na rafu tupu. Mafundi walionitangulia waliipiga pete ile kwa patasi hadi nafasi zikalika kama fizi za mzee.

"Si upige nyundo?"

"Waliopiga nyundo ndio waliotufikisha hapa!"

Akatazama kilima cha upande wa pili. "Kule kuna mhunzi," akasema kwa sauti ya chini. "Mkunono."

Nilielewa kwa nini alishusha sauti. Wakunono ni ukoo wa wahunzi. Wamasai wenzao hununua mikuki na sime zao, lakini hawaoi kwao, wala hawapokei chuma mikononi mwao bila kukipaka mafuta kwanza.

Nilihitaji umbo la zile nafasi. Nikachukua ugali uliopoa, nikaukandamiza juu ya pete, ukatoka na meno mawili. Niliubeba kwenye kofia kama yai, pamoja na kipande cha springi ya lori iliyokatika zamani, kiwe chuma cha kufulia.

Mhunzi aliitwa Parsimei. Mkewe, Naishorua, ndiye aliyekuwa akivuta mivukuto ya ngozi, na aliangua kicheko alipoona kofia yangu.

"Mmbulu ametuletea ugali wenye meno! Ataula yeye au ugali utamla?"

Parsimei hakucheka. Aliugeuza ugali ule, akaupima kwa ukucha, akauliza pete ni ngumu kiasi gani, imekaa ndani kiasi gani, inazungukia wapi. Maswali mazuri. Nilianza kumpenda. Alikata springi ile ikiwa nyekundu, akafua meno mawili, akayanyoosha kwa tupa kuukuu huku akiyajaribisha kwenye ugali. Kisha akamnyooshea Lomayani chombo kilichopoa.

Lomayani alitoa pembe yenye mafuta ya kondoo, akajipaka viganjani, akakipaka chombo chote, ndipo akakishika. Masizi ya tanuri yakachanganyika na mafuta yakawa meusi.

Nikawaka. "Mtu amekuunguzia vidole kwa ajili ya ndama wako, nawe unamfanya uchafu mbele ya mke wake?"

"Mila hii si ya kwenu Kansay," akajibu Lomayani.

"Mwache," Naishorua akasema. "Huyu akija usiku kununua mkuki hujipaka mpaka masikioni."

Spana ya Parsimei ilikaa kwenye pete kama iliyozaliwa nayo. Pete ikalia, ikalegea. Nilitarajia kukuta springi ya valvu iliyovunjika au kisahani cha kuzibia hewa kilichopasuka. Nikakuta vyote vizima! Nikavifuta kwa tambara, nikavirudisha, nikakaza kwa spana ileile, tukawasha. Mshale ukapanda, ukaganda palepale.

"Mkunono wako," akasema Lomayani.

"Mafuta yako!" nikamjibu. "Yamechuruzika humo ndani."

Nilifungua tena ili nimwoneshe. Na kweli, mafuta meusi yalikuwa yameingia hadi chini ya kisahani. Lakini hasira iliniishia mkononi. Kwenye uso wa kisahani mafuta hayakuchora duara. Yalichora nusu mwezi.

Kwa nini nusu? Chuma kingekaa juu ya chuma sawasawa, alama ingekuwa duara zima. Nikafuta kila kitu. Nikapaka tena kidogo, nikazungusha kisahani, nikakibonyeza, nikakitoa. Nusu mwezi. Safari hii nikatazama chini, kwenye kiti ambacho kisahani hukalia. Kila nilivyozungusha, alama ilitoka upande uleule wa kiti. Kisahani hakikuwa na kosa. Nyundo za zamani zilikuwa zimeinua upande mmoja wa kiti, kiasi ambacho jicho halioni.

"Lomayani, leta pembe yako."

"Si ulisema mafuta yangu yameharibu?"

"Yameona nisichoona. Lete."

Tulirudi kwa Parsimei, naye mara hii akaja mwenyewe hadi kwenye lori, mkewe nyuma yake, akitaka kuuona huo mwezi kwa macho yake. Alipouona akapiga ulimi. Akarudi tanurini, akafua fimbo nyembamba ya chuma yenye kichwa bapa, akakisawazisha juu ya kinoo, akakusanya unga wa kinoo kile na kuniletea.

Kazi ilikuwa kusaga kiti kwa unga huo, fimbo ikizungushwa kati ya viganja. Nilijaribu. Fimbo iliyumba, na kuyumba kungekula upande usiotakiwa. Parsimei alijaribu, lakini vidole vyake vilivyokakamaa kwa nyundo havikuweza kuzungusha laini.

"Ni kama kupekecha moto," Lomayani akasema, bila kutaka kusema.

Tukamtazama. Wote tulijua kwamba yeye hupekecha moto kwa vijiti tangu akiwa mchungaji. Akajipaka mafuta, akashika fimbo. Ikateleza. Akashika tena, ikateleza tena, ikagonga ukingo wa kiti, Parsimei akaidaka.

"Utakitoboa kiti," nikasema. "Mafuta hayashiki."

Alitazama mteremko, huko chini palipokuwa na boma lake. Kisha Lomayani akainama, akachota vumbi, akasugua viganja mpaka vikawa vikavu na vyeupe. Akaichukua fimbo mkononi mwa Parsimei, ngozi kwa chuma.

"Mikono bado ipo?" Naishorua akauliza.

"Nyamaza, mama, nisiharibu."

Alipekecha kwa wepesi, fimbo imesimama wima kama imepandwa. Nilipaka mafuta kupima, nikafuta, akasaga, nikapima. Mwezi ukanenepa. Pembe zake zikasogeleana. Parsimei alikuwa ananipumulia sikioni. Jua lilipokaribia milima, kisahani kilitoka na duara jembamba jeusi, zima.

Nikafuta unga, nikarudisha valvu, tukawasha. Mshale ulipanda ukapita alama nyekundu. Nikaondoa mawe. Tukamshushia Parsimei pipa moja la maji, na Lomayani mwenyewe ndiye aliyesaidiana naye kulibiringisha.

Tuliteremka gia ya chini, mguu wangu ukionja breki kila kona, na kila kona lori lilitii. Lomayani alishika mlango kwa mikono yake mikavu, akihesabu kwa sauti kila korongo tulilovuka.

Bomani ndama walikuwa bado wamelala. Nilisimamisha lori karibu nao, nikaachia breki, upepo ukatoka kwa kishindo, *pshaaa!* Ndama wakashtuka. Wakajikusanya kwa magoti, wakainuka wakiyumba, wakatimua kuelekea ua wa miiba wa boma.

Lomayani alikuwa amesharuka chini. "Wamesimama!" akapiga kelele, akiwakimbilia. "Inosenti, fungua maji! Wanakimbia, hawa mbwa, wanakimbia!"