Shangazi Luring Anaomba Marekani

Gari jeupe la Ditas Alcoriza lilipoingia uani, waigizaji waliokuwa wakinywa uji wa mchele chini ya turubai walitawanyika kama kuku walioona mwewe. Mmoja alikumbuka ghafla kwamba shati lake halijapigwa pasi, mwingine akajifungia chooni. Ditas aliwaona, akauma mdomo. Miaka sita sasa, tangu apewe idara ya tamthilia kwenye kituo cha televisheni, alikuwa akija mwenyewe kumwambia mwigizaji kwamba mhusika wake anakufa. Alifanya hivyo kwa wema. Enzi zake za kuigiza wanawake wabaya, yeye aliambiwa kifo chake na mpambaji, poda ikiwa nusu uso. Aliapa hatamfanyia mtu hivyo. Shukrani ya punda ni mateke: watu wakalipa gari lake jina, wakaliita la maiti.

Siku hiyo hakutulia tangu alfajiri. Alibadili viatu mara mbili, akamwambia dereva azime redio, kisha aiwashe, kisha aizime tena. Wa leo alikuwa Shangazi Luring, mwenye miaka sabini na minne, bibi wa ukoo katika tamthilia ya saa mbili usiku. Ndiye aliyemfundisha Ditas kuzaba kofi mbele ya kamera bila kumuumiza mtu. Lakini watazamaji walikuwa wamepungua, na Nonoy, mkuu wa waandishi, alikuwa na dawa yake ya siku zote: bibi afe, matanga yakae wiki nzima, ukoo ukutane, siri zifumuke mbele ya jeneza. Ditas aliidhinisha Jumatatu.

Alimkuta kwenye chumba cha kubadilia nguo, amekunja miguu kitini, anachovya mkate wa pandesal kwenye kahawa.

"Umechelewa," alisema Shangazi Luring. "Jeneza limekutangulia."

"Jeneza gani?"

"Usinifanye mtoto. Wamelishusha jana, wakalifunika shuka nyuma ya jiko. Hawa vijana roho juu, kila mtu anajiuliza ni la nani. Mimi nilikwenda nikalipima kwa hatua. Fupi. Sasa hapa mfupi ni nani kama si mimi?"

Ditas alitamani kumnyonga mtu wa vifaa. "Shangazi, nilitaka habari hii uisikie kinywani mwangu."

"Basi sema. Lakini kaa, unanitia kizunguzungu. Tangu usichana wako hukai, utadhani kila kiti kina siafu."

Ditas alikaa, akasema yote. Moyo wa bibi ungesimama mezani, siku ya kuzaliwa ya mjukuu, Ijumaa. Shangazi Luring aliweka kikombe chini.

"Sitaki kufa," alisema. "Nipelekeni Marekani."

Kila tamthilia ilikuwa na mtu wake Marekani. Mwigizaji akiugua, akipata mimba au akigombana na wakubwa, mhusika wake alifunga sanduku akaenda kwa dada yake California, na mlango wa kurudi ukabaki wazi. Angalau ndivyo walivyoambiwa.

"Huko harudi mtu, Shangazi. Mimi, katika tamthilia yangu ya mwisho, nilipelekwa nikiwa na miaka thelathini na mbili. Waliniambia miezi mitatu. Nikakaa miaka mitatu pembeni ya simu. Nilikataa kazi nyingine. Hata Krismasi sikwenda kwetu Iloilo, nisije nikaitwa sipo. Ilibaki kidogo niwe mwehu. Wangenizika ningelia wiki moja, yakaisha. Siwezi kukufanyia hivyo." Alikuwa amesimama tena bila kujijua.

"Hiyo miaka mitatu, asubuhi ulikuwa unafanya nini?"

"Naamka. Naoga. Najipaka poda, labda wataita. Nafanya mazoezi ya sauti."

"Ehe." Shangazi Luring alijikung'uta makombo. "Mimi mume wangu hayupo, watoto wako Dubai, nyumbani kuna paka, na yeye mwenyewe ananidharau. Mkinizika Ijumaa, Jumamosi naamka kwa ajili ya nini? Nikiwa Marekani nitaoga. Nitajipaka poda. Nitakariri mistari, ulimi usilale. Hayo mateso yako nipe mimi, mwanangu. Nayataka."

Miaka ile mitatu Ditas aliichukia kuliko kitu chochote maishani, na leo mtu anaiomba kama zawadi. Alishikwa na hasira, kisha aibu. Alitoka nje, akampigia Nonoy.

"Bibi hafi. Anasafiri."

"Bosi, tumeshaandika matanga yote. Mwenyekiti wa kituo amesema huu ndio mwezi wa mwisho kutuvumilia. Watazamaji wakipungua tena, atakayefukuzwa ni wewe, si mimi."

"Najua. Andika uwanja wa ndege."

"Uwanja wa ndege ni siku moja tu."

"Basi siku hiyo moja walie sana."

Alikata simu. Aliuzunguka ua mara mbili kabla ya kurudi ndani. Shangazi Luring alikwisha kuzisoma habari usoni mwake. Hakushangilia. Alimshika Ditas kiganja, akakibana kwa nguvu ambayo mtu asingemdhania kuwa nayo.

"Nitarudi lini?"

Kwa miaka sita Ditas hakumdanganya mwigizaji hata mmoja, na alijivunia hilo kuliko ofisi yake. Tamthilia ilibakiza wiki tisa iishe, na katika wiki hizo tisa hapakuwa na nafasi ya bibi. Alivuta kiti, akakaa, akamtazama usoni.

"Desemba," alisema. "Kabla ya Krismasi. Utaingia jikoni na masanduku yako, ukoo mzima utapiga kelele. Nimeshamwambia Nonoy."

Shangazi Luring alimkagua muda mrefu, jicho hili kisha lile.

"Miaka yote nilikuwa nakwambia macho yako yanakusaliti," alisema. "Leo hayakukusaliti hata kidogo. Umeigiza vizuri sana, mwanangu. Sasa sema tena, taratibu, nisikie."