Meli ya Mezani Kwetu

Miaka sita tunakula tukiwa tumekaa kitandani, kwa sababu meza yetu hapa Guangzhou imekaliwa na meli. Mume wangu, Cornel, anaiunda kwa vijiti na gundi. Ni mfano wa meli ya ziwani ambayo baba yake alikuwa fundi mitambo wake kule Bukoba hadi alipostaafu.

Mwaka wa kwanza ilikuwa kituko, imevimba ubavu kama shavu la mwenye jino bovu. Sasa mkono umekubali. Madirisha ni vipete vya shaba vya kupitishia kamba za viatu, na nyuzi alizookota kwa washonaji wa mtaa wa Kangle kazifunga hata fundo huoni. Tatizo ni kwamba kila akimaliza upande mmoja, ule wa zamani unamtia aibu, anaubomoa. Na mimi nikirudi na viatu nilivyowanunulia wateja soko la Zhanxi, sina pa kuviweka.

"Laoban, funga mzigo," nilimtania, kama tunavyowaita mabosi wa madukani. "Hata wale wateja wangu Wakongo, wagumu kuridhika, wangeshapokea."

"Bado, Herieth. Nimuulize Tata kwanza."

Kila Jumapili baada ya misa humpigia Tata, yaani baba yake, wakabishana ngazi ilikaa wapi. Kabla ya meli hawakuwa wakisemezana, tangu Cornel alipoacha seminari. Nililijua hilo. Sikulipa uzito.

Alipobandika bendera, uvumilivu ulinishinda. Akiwa bafuni nikapiga video, nikamtumia mzee kwa adabu ya Kihaya: "Waitu Tata, meli imekwisha!" Akajibu, "Asante, mwanangu." Basi.

Jumapili Cornel akapiga. Sauti ya mzee ilikuwa kavu.

"Herieth kanionyesha. Nzuri, haina kasoro. Haya, kaeni salama."

"Tata, subiri."

"Nisubiri nini? Si imekwisha?"

Cornel akanitazama. Nilijiona mjinga: meli ndiyo iliyokuwa ikiwasemesha. Mzee hakukata simu, tulimsikia akipumua.

Cornel akanyoosha mkono, akashika bomba la moshi lililomchukua miezi minne, akaling'oa.

"Tata," alisema, "bomba la moshi limeng'oka."

Mzee akakohoa. Nikasikia kiti kikivutwa.

"Limeng'okea wapi? Nieleze polepole."