Upande Usiochorwa

Mkuu wa kitengo cha picha alipotangaza kwamba kuanzia Jumatatu kila mtu ataiacha kompyuta yake saa nne kamili asubuhi, kwa robo saa nzima, simu zote ziwekwe kapuni na kila mmoja afanye kitu kwa mikono yake, aliyecheka kuliko wote alikuwa Kipanga.

"Kwa mikono yetu? Tufinyange vyungu sasa, Mkuu?"

"Finyanga, fuma, chora, imba ukitaka. Mradi usitazame skrini," Mkuu akamjibu. Alikuwa mama mfupi asiyependa maneno mengi. "Macho yenu yamekuwa mekundu mpaka wagonjwa wanawaonea huruma nyinyi."

Kipanga halikuwa jina lake, bila shaka. Ni mafundi wa eksirei waliompachika, kwa sababu miaka ishirini na mitatu alikuwa anakaa kwenye chumba chenye giza cha hospitali ile akisoma picha za vifua na mifupa ya watu, na hapakuwa na ufa wala doa lililomponyoka. Naye jina alilipenda, tusidanganyane. Ukimwita Daktari aliitika, ukimwita Kipanga aliitika huku anatabasamu.

Basi huyo huyo aliyecheka ndiye aliyenogewa. Katibu wa mapokezi alifuma vitambaa, fundi wa eksirei alikunja makaratasi yakawa ndege na vyura, na Kipanga alichukua daftari na penseli akaenda kusimama kwenye dirisha la nyuma. Alichora ua wa hospitali: tangi la maji, kamba za kuanikia mashuka, geti. Kila siku picha moja, na kila picha tarehe chini yake, maana daktari hata akichora kuku ataandika tarehe. Zikapita siku, miezi ikawa mitatu, daftari likakaribia kujaa.

Ilikuwa Alhamisi pale mama wa kufulia mashuka alipopita ndani na tenga lake, akasimama kuliani kwake na kuchungulia.

"Daktari, mimi nina kesi na wewe."

"Kesi gani tena, dada?"

"Kila siku nimekaa pale kwenye benchi langu nakunja mashuka, na wewe upo hapa dirishani unachora. Nikajisemea, haya, na mimi nitakuwemo. Leo nachungulia, wapi! Sipo. Benchi halipo, mlango wa kufulia haupo, tangi lenyewe umelikata nusu. Nimekukosea nini, kaka yangu?"

Akaangua kicheko. Kipanga naye akacheka. "Benchi gani hilo?"

Yule mama akaacha kucheka. "Benchi. Si hilo hapo, kushoto kwako."

Kipanga akageuza shingo. Lilikuwepo. Benchi refu la rangi ya buluu, rundo la mashuka juu yake, na nyuma yake mlango wa chumba cha kufulia uko wazi. Akarudisha macho kwenye daftari: geti lipo, kamba zipo, tangi nusu, halafu weupe mtupu mpaka ukingoni. Akafunua ukurasa wa jana. Weupe. Wa juzi, weupe. Akafunua tena na tena.

"Labda ulikuwa unabakiza nafasi ya kuandika," mama wa kufulia akasema kwa upole, maana aliuona uso ulivyobadilika.

"Ndiyo," Kipanga akajibu. "Ya kuandika."

Uongo mtupu. Ugonjwa huo aliujua. Aliusoma chuoni, akawafundisha na wengine. Macho ya mtu yanakuwa mazima kabisa, ila kitu ndani ya kichwa kinausahau upande mmoja wa dunia. Ukimwambia atazame kule, anaona. Asipoambiwa, kwake yeye kule hakupo. Na mwenyewe hana habari!

Hapo yakamjia yote kwa pamoja. Mkewe akimtania mezani, "Baba watoto, siku hizi nusu ya sahani unamwachia nani?" Fundi wa eksirei akimcheka kwamba ndevu zake zimegoma kunyolewa upande mmoja. Bega lake la kushoto, lenye alama za kujigonga milangoni. Yote hayo aliyachukulia mzaha. Akashika kizingiti cha dirisha.

Robo saa ilikuwa haijaisha, lakini alirudi chumbani kwake, akafunga mlango, akafungua picha ya kwanza aliyoisoma asubuhi ile. Kifua cha mwalimu wa chekechea, binti wa miaka ishirini na sita, aliyekuja kupimwa kwa ajili ya kazi mpya. Ripoti aliiandika Kipanga mwenyewe: mapafu safi. Akaitazama tena. Safi. Akabonyeza kitufe cha kuigeuza picha, kushoto kuwe kulia.

Doa likamtokea usoni. Jeupe, nene, limekaa katikati ya pafu. Lilikuwepo muda wote, upande ule ambao yeye hakwenda.

"Mungu wangu," akasema kwa sauti. "Mungu wangu, nimefanya nini?"

Akafungua ya pili, akageuza: salama. Ya tatu: salama. Akapata nguvu kidogo. Ya nne, mzee aliyeanguka bafuni: mbavu mbili zimevunjika, na ripoti inasema hajavunjika popote. Akasukuma kiti nyuma. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na miwili, lakini wakati ule alitaka kulia kama mtoto, na hakujua alie kwa ajili ya nani kwanza, wale au yeye.

Shetani naye hakuchelewa. Kumbe si unaweza kugeuza kila picha? Soma hivi, geuza, soma tena. Nani atajua? Hawa wa leo watafutie sababu ya kuwaita tena. Daftari lichane. Akalishika kweli, akalikunja mikononi. Lakini wa jana je? Wa juzi? Wa wiki iliyopita? Watu hao wametawanyika, wamelala majumbani mwao wanaamini wamepona, na karatasi yenye sahihi yake wameiweka kabatini.

Bado amelikumbatia daftari, akamsikia katibu wa mapokezi nje ya mlango akimtuliza mtu. "Usiwe na wasiwasi, mzee wangu. Picha yako kaisoma Kipanga mwenyewe. Akisema huna kitu, nenda kalale."

Hapo akasimama. Alitoka akijipigiza bega kwenye mlango, akaenda moja kwa moja kwa Mkuu, akayasema yote amesimama, haraka haraka, kabla ujasiri haujamtoroka. Alipomaliza, Mkuu akamuuliza neno moja.

"Tangu lini?"

"Sijui." "Hilo ndilo linaloniua, Mkuu. Mwenye ugonjwa huu hajui umeanza lini. Unaweza kuwa wiki mbili. Unaweza kuwa mwaka!"

Akaona Mkuu anatazama daftari lililokunjamana mkononi mwake. Akalitazama na yeye. Walielewa kwa pamoja.

Wakaliweka mezani, wakalifunua kutoka nyuma kurudi mbele, Mkuu akielekeza kidole maana Kipanga hakujiamini tena. Leo, hakuna benchi. Wiki iliyopita, hakuna. Mwezi uliopita, hakuna benchi, ila mlango upo nusu. Kila ukurasa Kipanga aliomba kimya kimya, iwe hapa, iishie hapa, na kila ukurasa ukamkatalia. Mpaka wakafika tarehe ishirini na tatu ya mwezi wa juzi. Benchi lipo, na juu yake mwanamke mwenye kilemba anakunja shuka.

"Wiki saba," Mkuu akasema. Akahesabu kwenye mfumo. "Picha elfu moja na mia sita, pungufu kidogo."

Kipanga akaketi sakafuni.

Mkuu ni mtu wa vitendo. Kabla ya adhuhuri wasomaji wawili wa hospitali jirani walikuwa wameshakubali kuzisoma upya zote, katibu yuko kwenye simu anamtafuta mwalimu wa chekechea, na Kipanga mwenyewe amevuliwa koti na kulazwa ndani ya mashine kubwa ya duara, kichwa kimebanwa. Mashine ilinguruma. Alifumba macho. Wagonjwa wangapi aliwahi kuwaambia humo ndani kwamba hakuna cha kuogopa!

Alipotoka, picha zilikuwa tayari kwenye skrini. Kwenye kiti alikaa daktari msichana ambaye Kipanga mwenyewe alimfundisha kazi miaka minne, akimgombeza mpaka akajua. Mkuu alisimama nyuma yake, na fundi wa eksirei mlangoni.

"Nionyeshe," Kipanga akasema.

"Daktari, ngoja kidogo nimalize kwan—"

"Nionyeshe, binti. Nimekufundisha mimi."

Binti akasogea pembeni. Kipanga akainama, akajikaza, akaanza juu kabisa ya fuvu kama alivyofundisha, akashuka kipande kwa kipande. Hakuwa na haraka. Alijua adui yake yuko kushoto, kwa hiyo aliipinda shingo huko kwa makusudi, akaenda mpaka alipoona picha imekwisha, akarudi. Kipande kinachofuata. Kinachofuata. Hakuna uvimbe, hakuna damu, hakuna kitu. Akarudia mara ya pili. Hakuna.

Pumzi ikamtoka yote kwa mkupuo. "Safi!" akasema, na kicheko kikamponyoka chenye machozi ndani yake. "Jamani, pasafi! Ni uchovu tu. Nilikuwa nakufa kwa hofu bure, ni uchovu tu!"

Akawageukia wacheke naye. Fundi wa eksirei alikuwa anatazama sakafu. Mkuu ameweka kiganja mdomoni.

"Nini?" akauliza. "Semeni basi. Nini?"

Binti ndiye aliyejibu, na alijibu kwa sauti ndogo sana.

"Daktari, kidole changu kiko juu ya uvimbe tangu ulipoanza kutazama."

Kipanga akaigeukia skrini. Akatafuta kidole. Hakukiona. Akapapasa nyuma yake kutafuta kiti, na fundi akawahi kukisogeza.

"Haya," akasema alipoweza kusema. Akafumba macho. "Nisomee wewe, mwanangu. Anza juu, usiruke kitu."